Shamba la Viumbe Ishirini na Mmoja

Albano Nangwanda alikuwa anachonga mguu wa kigoda siku alipoletewa habari kwamba nyoka aliyemuua Gaudens, mkata mkonge, ametoka shambani kwake. Aliyeleta habari ni Wilbert, karani wa shamba la mkonge lililopakana naye, kijana wa bara aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi ikasimama. Alikaa njiani, nje ya migomba, hakutaka kuingia.

"Karibu ndani, karani," alisema Yustina, mkewe Albano. "Nyoka wetu hawali watu wa ofisini. Nyama yenu chungu."

Wilbert alicheka kidogo, lakini hakusogea.

"Bwana Meneja amemwandikia Bwana Shauri wa wilaya," alisema. "Anadai shamba hili ni mazalio ya nyoka. Anataka mwondolewe, ardhi iunganishwe na mkonge. Bwana Shauri atakuja kusikiliza Jumatatu ijayo."

"Na barua hiyo kaiandika kwa mkono wake?" Albano aliuliza.

"Nimeipiga chapa mie, Mzee Albano. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

"Umeipiga chapa huku unajua Gaudens aliumwa wapi."

Wilbert alitazama chini, akaviona viatu vyake, akatazama pembeni.

Kila mtu alijua Gaudens aliumwa wapi. Aliumwa katikati ya mkonge, mstari wa arobaini, mbali kabisa na mpaka wa Albano, saa mbili asubuhi, akiwa amebeba mzigo wa majani begani na miguu mitupu. Kifutu alikuwa amelala kwenye kivuli cha mmea kama kipande cha kamba iliyotupwa. Gaudens alikuwa mtu wa Songea, hakuwa na ndugu hapa, na Albano ndiye aliyempeleka hospitali kwa mkokoteni, akamkalia siku tatu, kisha akamzika. Wakataji walikuwa wameomba viatu mara mbili. Mara ya kwanza walijibiwa kwamba ngozi ya Mwafrika ni nene. Mara ya pili hawakujibiwa. Sasa mtu amekufa, lazima apatikane wa kulaumiwa, na meneja akatazama ng'ambo ya mpaka.

Meneja huyo wafanyakazi walimwita Bwana Safi. Alitaka mistari ya mkonge inyooke kama wino kwenye daftari, na kati ya mstari na mstari kusiwe na hata jani. Kila kiangazi alichoma kingo. Kwake yeye, ardhi ambayo haikuonyesha udongo mwekundu mtupu ilikuwa ardhi iliyolala. Shamba la Albano lilikuwa hapo Yombo, upande wa vilima vya Pugu, mita mia chache kutoka dirisha la ofisi yake, na kwa miaka tisa lilikuwa likimkera macho.

Tuseme ukweli, halikuwa shamba la kupendeza kwa mtu wa namna ile. Minazi ilisimama bila mpangilio, mahali palipokubali. Chini yake palikuwa na mihogo, na ndani ya mihogo mbaazi, na pembeni migomba, mikorosho minne, mfenesi mmoja na kichaka cha michongoma ambacho Albano alikataa kukikata. Visiki vya zamani aliviacha vioze vyenyewe. Makuti makavu hakuyachoma, aliyalundika. Mtu aliyezoea mistari angepita hapo akasema mwenyewe amehama.

Lakini lilikuwa lake, na lilikuwa lake kwa njia ambayo watu wa pwani wote wanaielewa. Mgeni akiomba ardhi kwa Wazaramo hupewa pa kulima mihogo na mahindi, vitu vya msimu, akivuna anaweza kuambiwa asante, nenda. Haruhusiwi kupanda mti unaodumu. Albano alifika kutoka Newala mwaka wa 1937, akakata mkonge miaka sita, kisha akamwendea Mzee Mwishehe, mwenye ardhi ile, kuomba pa kulima. Alilima misimu miwili. Msimu wa tatu Mzee Mwishehe alikuja mwenyewe na miche mitano ya minazi kwenye kapu, akaiweka mlangoni, akasema, "Panda." Halikuhitajika neno lingine. Anayeambiwa apande mnazi ameambiwa afie hapo.

Albano alikuwa mchongaji tangu utotoni, kama baba yake. Alichonga jioni, baada ya jembe. Alikuwa na sharti moja ambalo lilimchekesha Yustina: hachongi kiumbe ambaye hajamwona akila. Alisema umbo la kiumbe liko kwenye mdomo wake na namna anavyoshika chakula, mengine yote yanafuata. Kwa sababu ya sharti hilo alikaa saa nzima bila kutikisika mbele ya lundo la makuti, akimngoja guruguru atoke kula jongoo. Kwa sababu hiyo hiyo alijua mambo ambayo wengine hawakuyajua. Alijua kuna nyoka mwembamba asiye na meno ya maana, anayemeza yai la ndege lote kisha anatema ganda. Alijua ukukwi wa kijani anayewatisha wanawake kwenye michongoma anafuata vyura tu. Alijua nyoka wa kahawia anayepita darini kwao anatafuta panya, na alimkataza Yustina kumpiga.

"Unamtetea nyoka kuliko mama mkwe wako," Yustina alimwambia.

"Mama mkwe hali panya."

Basi baada ya Wilbert kuondoka, Albano aliurudia mguu wa kigoda, akauchonga mpaka chai ikapoa. Kisha akasema atawachonga wote.

"Wote kina nani?"

"Wote waliomo humu. Hao watu wa serikali wanapenda kuhesabu. Wamehesabu vibanda, wamehesabu vichwa, wamehesabu mpaka mbwa. Nitawahesabia. Nitamwonyesha Bwana Shauri kila kiumbe na kazi yake, aone nani anakula nini. Ataona shamba hili lina walinzi, halina wauaji. Na nitamchonga yule kifutu pia, aone kwamba huyo si wa kwangu. Miaka tisa sijamkuta kifutu humu. Kule kwenye mkonge, miaka sita niliyokata, nilikuta aina nne tu za wanyama watambaao, na kifutu ndiye mwenyeji wao. Takataka za mashine zimejaa panya, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuwala."

Yustina alikuwa na akili nyepesi kuliko mumewe katika mambo ya wakubwa. Alikuwa ameuza maandazi kwenye lango la boma kabla ya kuolewa.

"Wapelekee wawili watatu," alisema. "Mla mayai, kobe, kinyonga. Ukiwapelekea wote watasema unafuga."

"Nikimficha mmoja nimesema uongo."

"Kwani serikali umefunga nayo ndoa? Mie ndiye uliyeniapia kanisani."

Albano alikwenda kuchagua magogo ya kuwatosha wote. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la mchongaji: aliamini kwamba kitu kikichongwa sawasawa, anayekitazama ataona kile alichoona mchongaji.

Alichonga siku sita. Weusi aliwachonga kwa mpingo, wa manjano kwa mfenesi, wengine kwa mzizi wa mkorosho. Aliwasugua kwa majani ya msasa mpaka magamba yakashika mwanga. Nyoka kumi na wawili, kuanzia yule kipofu anayefanana na mnyoo na kuishi chini ya visiki, mpaka chatu mchanga, na hata swila, ambaye yumo na ana sumu na Albano hakumwacha nje. Mijusi wanane: kenge, guruguru, mjusi kafiri wa ukutani, mjusi mwenye mkia wa buluu, kinyonga, na wengine watatu ambao hawakuwa na majina isipokuwa yale Albano aliyowapa. Kobe mmoja. Jumla ishirini na mmoja. Wa ishirini na mbili alikuwa kifutu, mnene, kichwa kama jembe, aliyechongwa kwa kuwakumbuka wale aliowaona wakila panya miaka alipokata mkonge.

Siku hizi vijana wa chuo huenda mashambani na ndoo, wakazichimbia ardhini ili mijusi watumbukie, wakawahesabu. Wakipata aina kumi na tano katika shamba moja la mchanganyiko hupongezwa, na huandikwa kwamba wamegundua jambo. Albano alipata ishirini na moja bila ndoo. Hakupongezwa.

Jumatatu walikwenda. Kikao hakikufanyika kwenye baraza la serikali. Kilifanyika kwenye veranda ya Bwana Safi mwenyewe, juu ya meza yake, na Bwana Shauri alikuwa ameshakunywa chai yake na kula biskuti zake. Mshitaki alikuwa mwenyeji, na mshitakiwa alisimama juani chini ya ngazi. Bwana Shauri alikuwa kijana mwenye shingo nyekundu, mwenye miezi michache nchini. Alisema Kiingereza, na Wilbert alitafsiri.

Mzee Mwishehe alizungumza kwanza. Alieleza habari ya miche mitano, akaeleza maana yake, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusali.

"Anauliza kama kuna karatasi," Wilbert alitafsiri.

"Karatasi ya nini?"

"Ya ardhi."

"Mwambie minazi ile imezaa. Karatasi imezaa lini?"

Wilbert alitafsiri. Bwana Shauri aliandika kitu kifupi.

Kisha Albano alifungua gunia. Alipewa ruhusa apande ngazi. Akawapanga mezani mmoja mmoja, akavisogeza vikombe vya chai kwa heshima, na kwa kila mmoja akasema anakula nini na anakaa wapi. Huyu anakula panya wa mihogo. Huyu anakula mchwa. Huyu anakula konokono. Huyu anakula wenzake, tena wale wenye sumu. Kifutu alimweka peke yake, akasema huyo ni wa kule kwenye mkonge, ambako yeye alikuta aina nne tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi hiyo maneno yalimjia. Yustina, aliyesimama chini, aliona Bwana Shauri akiinama mbele, akimshika kinyonga, akimgeuza, akitazama vidole vyake viwili-viwili vilivyoshika kijiti, na kwa muda akafikiri labda mumewe alikuwa sahihi.

Bwana Safi hakuwatazama wale viumbe. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, na kadiri hesabu ilivyopanda ndivyo uso wake ulivyokunjuka. Ilipofika ishirini na moja aliegemea kiti, akasema maneno machache.

"Tafsiri," Albano alimwambia Wilbert.

Wilbert alisita.

"Tafsiri, karani. Ndiyo kazi uliyoajiriwa."

"Anasema katika ekari zake mia tisa kuna aina nne tu, kama Mzee Albano mwenyewe alivyokiri. Anasema ndivyo shamba linavyotakiwa kuwa. Anasema... anamshukuru Mzee Albano kwa kumthibitishia."

Bwana Shauri aliuliza swali moja: ni kweli kwamba watoto wanalala humo? Albano akasema ndiyo, watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa kwa miaka tisa. Bwana Shauri alitikisa kichwa, akazungumza kwa dakika nzima, na Wilbert akatafsiri huku macho yake yako kwenye sakafu.

"Anasema mahali penye aina ishirini na moja za nyoka na mijusi hapawezi kuitwa shamba. Panaitwa pori. Na pori ni mali ya serikali, ambayo inaweza kumpa yeyote atakayeliendeleza. Minazi mtalipwa. Anasema mna siku thelathini."

"Na mihogo?" Yustina aliuliza kutoka chini, bila kupewa ruhusa. "Mbaazi je? Migomba? Miaka tisa nimeinamisha mgongo pale. Pori gani linapaliliwa mara tatu kwa msimu?"

Hakuna aliyemtafsiria. Bwana Shauri alikuwa bado ameshika kinyonga. Alimweka chini, akamchukua mjusi wa mkia mrefu, akampitisha kidole mgongoni. Asubuhi nzima alikuwa akisema kupitia mdomo wa Wilbert. Sasa kwa mara ya kwanza alimtazama Albano, akatabasamu, na akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Bei gani?"

Alikuwa anataka vinyago vyote. Wilbert alieleza baadaye kwamba alitaka kuvipanga juu ya kabati la nyumbani, na vichache ampelekee mama yake Ulaya. Hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalochoma. Alikuwa ameona kwamba ni kazi nzuri ya mikono na hakuona kwamba ni ushahidi. Mtu amemletea ukweli umechongwa gamba kwa gamba, yeye akaona mapambo. Kama Albano angekuwa mchongaji mbovu, labda angesikilizwa.

Albano alifungua tena gunia. Alianza kuwarudisha kwenye gunia kwa mpango ule ule aliowatoa, mmoja mmoja, bila haraka. Alinyoosha mkono, akamchukua mjusi kutoka mkononi mwa Bwana Shauri. Hakumpokonya, lakini hakumwomba pia. Wafanyakazi waliokuwa wamekusanyika kwenye banda la mizani, mbele ya veranda, walinyoosha shingo kutazama. Alipomaliza, mezani alibaki mmoja, katikati ya vikombe, mnene, kichwa kama jembe.

"Umemsahau mmoja," Wilbert alinong'ona.

"Sikumsahau," Albano alisema. "Huyo si wangu. Mwambie Bwana wako huyo ni wa kwake, amelala kwake, amekula kwake, amemuua mtu wake. Amweke kwenye kabati, awe anamwamkia."

"Siwezi kutafsiri hilo, Mzee."

"Basi lipige chapa."

Mtu mmoja alicheka kwenye banda la mizani, kisha wawili, kisha wengi. Bwana Safi alisimama. Lakini Albano alikuwa ameshashuka ngazi, gunia begani, na Mzee Mwishehe alikuwa akimfuata akiburuza viatu vyake vya makubadhi kwa makusudi, apate kusikika.

Kicheko kile ndicho walichopata. Ardhi hawakupata. Siku ya thelathini na moja walikuja watu ishirini wenye mapanga na madebe ya mafuta ya taa, vijana ambao Albano alikuwa amekata nao mkonge, na wengine walimwomba radhi kabla ya kuanza. Walianza na michongoma. Upepo ulikuwa wa kusini, moto ukaingia kwenye malundo ya makuti na kuyamaliza kabla ya adhuhuri. Yustina aliwaona mijusi wakitoka wamebeba majivu mgongoni. Waliokuwa na miguu walikimbilia barabarani, na huko vijana wa mapanga waliwapiga, kwa sababu walikuwa wameambiwa kila mkia mmoja una bakshishi. Kobe hakukimbia. Kobe alifanya alivyojua, akaingia ndani ya nyumba yake akangoja.

Minazi ilikatwa mwisho. Ililipwa, ni kweli. Vingine vyote kwenye karatasi viliitwa majani.

Walihamia Keko, chumba kimoja, uani kwa mtu. Albano alipata kazi ya kuchonga viti na fremu za milango. Watu waliosikia habari ya veranda walikuja kumwomba awachongee nyoka, na Wazungu wawili walikuja kwa gari, akawaambia wote kwamba hajui kuchonga nyoka, anajua viti. Wale ishirini na mmoja walikaa ndani ya gunia chini ya kitanda. Watoto waliwatoa kucheza nao mvua ikinyesha, na Albano hakuwakataza, ila alitaka wakimtaja mnyama waseme na chakula chake.

Mwaka uliofuata mistari ya mkonge ilipita juu ya pale palipokuwa jiko la Yustina. Panya walikuwa wengi mno huko Yombo, walikula mihogo ya Mzee Mwishehe mpaka mizizi, na yeye akapeleka malalamiko boma. Aliambiwa aweke mitego. Alipokuja Keko kuwasalimu alikaa kigodani, akaeleza hayo yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia ugonjwa uliozoeleka.

"Mitego," alisema. "Wameniambia nitege. Wale waliokuwa wakitega bure wamewachoma moto."

Albano aliinuka. Aliingia ndani akamletea maji.

Wiki ile ile Yustina alikwenda sokoni Temeke. Alikuwa na kikapu na alijua anachotaka. Alifika mbele ya mama mmoja aliyepanga mihogo mafungu mafungu chini, mihogo mizuri, minene, ngozi imetoka udongo. Akainama, akashika mmoja, akaukwaruza kwa ukucha kuona kama ni mtamu, kama alivyokuwa akifanya shambani. Yule muuzaji alimtazama.

"Nikufungie mafungu mangapi, dada?"

Yustina aliugeuza muhogo ule mkononi. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kununua muhogo; hata huko Keko walikula ile aliyowaletea Mzee Mwishehe, mpaka panya walipoimaliza. Hakujua fungu linaulizwaje, hakujua watu huanzia wapi kubishana. Alisimama pale, muhogo mkononi, jua limempiga kichwani, mpaka wateja wa nyuma wakaanza kumsukuma, na mmoja akauliza kama yule mteja wa mbele ni bubu au anaringa.